Nusu ya Ladu

Niliwaacha uani kwetu, tantine Clothilde akiwa amesimama katikati ya majirani, na swali lake bado linaning'inia juu ya vichwa vyetu: "Nani alikula pamoja na mugonjwa?"

Uliyekosa gazeti la wiki jana usihangaike kuliazima. Mimi ni Nephtali. Baba yangu, Papa Eugène, ni mvuvi wa maporomoko, Mgenia wa kuzaliwa, mtu aliyekuwa akitembea juu ya magogo katikati ya maji yanayonguruma kama wewe unavyotembea barabarani. Macho yake yalifunikwa na utando mweupe mpaka akawa anaongozwa kwa fimbo na mjukuu wake, Naomie, binti wa dada yangu Viviane.

Wakaja Wahindi wa jumuiya ya Daya, wale wa vesti za kijani, waliochimba visima Kabondo na wanaogawa wali na dengu Jumapili. Walileta daktari wa macho kutoka kwao, wakafungua kambi ya upasuaji wa bure kwenye shule moja. Mimi nilikuwa mkalimani wao. Baba hakutaka kupasuliwa. Nilimlazimisha.

Bandeji ilipotolewa, baba aliona. Alimtazama Naomie, mtoto ambaye hakuwahi kuiona sura yake sawasawa, akasema, "Kumbe una pua ya mama yangu." Watu walilia. Mimi nililia, na sioni haya kuandika hivyo.

Daktari akarudi kwao kwa ndege. Siku chache baadaye jicho likageuka jekundu, likavimba, likaanza kutoa usaha. Na shangazi yangu akauliza lile swali.

Macho yote yalimwendea Naomie, aliyekuwa amechuchumaa kando ya jiko la makaa akimenya ndizi.

"Naomie, kuja hapa."

Mtoto akaweka kisu chini, akaja.

"Ile siku ya kufungua jicho ya Koko, ulikula nini kwa Wahindi?"

"Bonbon."

"Ya namna gani?"

"Ya mviringo. Ya manjano. Iko na sukari mingi."

"Nani alikupa?"

"Mama Muhindi."

"Alikuwekea mu mukono?"

Naomie alinitazama kwanza. Hata kwa umri wake alihisi kwamba jibu hili lilikuwa zito kuliko yaliyotangulia.

"Aliweka mu kinywa," akasema.

Mwanamke mmoja nyuma akashika kifua. "Eh, Yezu!"

"Na Koko yako, alipewa?"

"Alipewa ya kwanza. Akaluma. Ile nusu ilibakia, Mama Muhindi akanipa mimi."

Tantine Clothilde akageukia majirani, akafungua mikono kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Ngoja niwaeleze, maana hapa ndipo msiba wetu ulipozaliwa. Mama Kokila ni mke wa Papa Harshad, mwenyekiti wa Daya. Kwao, jambo jema likitokea, humwachi mtu na kinywa kikavu. Unachukua ladu, ile bonbon ya manjano, unamlisha mwenzako kwa vidole vyako mwenyewe. Alipomwona Naomie amesimama na fimbo ya babu yake, aliona ni haki ya mtoto huyo kupata nusu iliyobaki. Kwao huo ni upendo, na hakuna upendo mkubwa zaidi ya huo.

Kwetu, mama akiona mtu baki anamtia mtoto wake kitu kinywani, anakifuata kwa kidole mpaka mtoto atapike. Tumelelewa tukiambiwa kwamba undoki, yaani uchawi, unalishwa. Kipande cha mkate, karanga, biskuti. Ukishakula, aliyekupa atakuja usingizini kudai nyama, na nyama yenyewe ni mtu wa nyumbani kwako.

Siku ile nilikuwa nimesimama kati yao, mimi peke yangu niliyezijua desturi zote mbili. Ningesema neno moja tu, Mama Kokila angeiweka ladu kwenye sahani, basi. Sikusema. Kitu kile kilikuwa kizuri machoni pangu, na nilijiona mtu mkubwa kwa kutokuogopa wanachoogopa wengine.

"Hata mimi nilikula, tantine!" nikapaza sauti. "Mbona jicho langu zima?"

"Wewe ulikula yako nzima. Huyu alikula pale Koko alilumia. Alikula alama ya meno ya mugonjwa."

"Walilishwa watu wengi pale! Wote wanaona vizuri!"

"Na hao walikuwa na mutoto wa kula nusu yao?"

Papo hapo tukasikia moto, pikipiki, inazimwa mbele ya ua. Aliyeshuka alikuwa Mtumishi Carlos.

Wasomaji wangu wa zamani wanamkumbuka. Ndiye mchungaji wa lile kanisa la mabati ambamo tantine anasali. Ndiye niliyemtungia yale mashairi ambayo vijana wa moto waliyaimba mji mzima, wakipiga honi kwa mpigo wake:

*Mtumishi amenona, na kondoo wamekonda,*
*Kila kukicha huona, ndoki mpya wa kuwinda.*

Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Alinukia vizuri. Alinipa mkono kama ndugu.

"Poète! Leo uko na shairi gani?"

"Nina moja fupi. Linasema ondoka kwetu."

Alicheka kweli kweli, bila hasira, na kicheko kile kiliniogopesha kuliko matusi. Akainama mbele ya Naomie, akamshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku kama mtu anayechagua papai sokoni.

"Huyu hajakuwa mukubwa mu hiyo kazi," akamwambia tantine. "Iko mapema. Tutamuweka mu chumba ya maombi. Hatakula, hatakunywa, mpaka aseme jicho alipeleka wapi."

"Na kama hajalipeleka popote?" nikauliza.

"Wote wanasema hivyo mwanzoni."

Nakijua chumba kile. Kiko nyuma ya kanisa, hakina dirisha. Mtoto wa jirani yetu mmoja aliingia mle akitembea kwa miguu yake.

Mtumishi Carlos akanishika bega, akanivuta pembeni, akashusha sauti.

"Mon frère, mimi siko mutu ya kisasi. Uko na kipaji, Mungu alikupa. Donc, kuja Jumapili. Simama mbele ya kanisa, tuimbie ingine. Uambie watu Wahindi wanawalisha nini. Wewe ulikuwa kinywa yao, watu watakuamini. Ukifanya hivyo, mutoto nitamuombea hapa nyumbani, na chakula yake atakula."

Nieleweni. Mtu mwenye akili angesema, nipe muda nifikirie. Mtu mwenye akili angeinamisha kichwa, akanunua hata nusu siku. Mimi niliona shati lile jeupe, nikaona tabasamu lile, na damu ikanipanda.

"Shairi langu halikodishwi," nikasema, kwa sauti ya kusikika ua mzima. "Hasa na mtu anayeshibia njaa ya watoto."

Majirani waliguna. Mtumishi Carlos akalitazama shati lake, akapangusa kitu ambacho hakikuwapo.

"Bon," akasema. "Jua likipanda, vijana watakuja kumuchukua."

Akaondoka taratibu. Tantine alinitazama kama mtu anayetazama nyumba inaungua.

"Umemaliza?" akaniuliza. "Umefurahi?"

Ua ulipopungua watu, akaingia Laurette, muuguzi wa Daya. Kila siku alipita kuweka dawa ya jicho. Siku hiyo hakuvaa vesti yake ya kijani. Aliikunja ndogo, akaificha chini kabisa ya mkoba.

"Walinitupia matope kule kwenye kisima," akasema. "Wacha hiyo. Mgonjwa iko wapi?"

Alimfunua baba jicho, akalimulika kwa taa ya simu, akatoka nje bila kumwambia chochote. Nilimfuata.

"Nephtali, huyu mzee lazima aende hospitali leo. Si kesho. Kidonda kimeingia uchafu. Akichelewa, hili jicho litakufa, na linaweza kuvuta lile lingine."

"Uchafu gani? Nimemchunga kama yai. Hajaosha uso, hajainama, hajakaa karibu na moshi."

"Mimi naona kidonda chenye kiliguswa na maji. Maji ya nje, yenye haikuchemshwa. Aliosha uso wapi?"

"Hakuosha."

"Muulize."

Nyuma yetu kitu kilianguka. Naomie alikuwa ameangusha kisu. Aliinama kukiokota, na alipoinuka hakunitazama.

Nilimchukua mpaka nyuma ya choo, mahali pasipo na masikio.

"Naomie. Koko aliosha uso?"

Aliangalia vidole vyake vya miguu.

"Mama, sema. Wanataka kukupeleka kwa Mtumishi Carlos. Unasikia? Ukijua kitu, sema."

"Niliapa, tonton."

"Kwa nani?"

"Kwa Koko. Alisema nikisema, utamukasirikia. Alisema wewe ulisumbuka sana juu ya jicho yake."

Mtoto yule alikuwa amesimama mbele ya ua mzima, ameulizwa kama mwizi, ameshikwa kidevu na mtu anayetaka kumfungia, na bado alikuwa akitunza siri ya babu yake. Na siri yenyewe ilikuwa ya kunilinda mimi nisiudhike.

Niliingia chumbani. Baba alikuwa amelala chali, kitambaa juu ya jicho. Fimbo yake ilikuwa ukutani.

"Papa, ulikwenda mtoni."

"Nani amesema?"

"Jicho ndilo limesema."

Akatabasamu kidogo. "Jicho ya Wahindi inasema mingi." Kisha akajiinua kwenye kiwiko. "Bon. Nilikwenda. Asubuhi, na Naomie. Ulikuwa umelala."

"Kufanya nini?"

"Unaniuliza kufanya nini? Wewe, mutoto yangu? Mu ukoo yetu mutu akitoka mu ugonjwa anaenda kuonyesha uso kwa mto. Anasimama ku kikapu yake mwenyewe ya kunasa samaki, anachota maji yenye ilipita ndani ya ile kikapu, anaosha. Papa yangu alifanya. Wewe ulipopona surua, nilikubeba mu bega mpaka kule, ulilia kwa baridi. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa tu sijawaza. Nilimkalimania daktari maneno yake yote, kwamba hata tone moja la maji lisiingie, na baba aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

"Daktari alikukataza maji, Papa! Niliyasema mimi kwa kinywa changu!"

"Alikataza maji. Hakukataza mto."

Ningecheka, kama ingekuwa siku nyingine. Lakini moyoni niliona mlango unafunguka. Basi yamekwisha, nikajisemea. Mzee atatoka nje, atasema alichofanya, na mtoto ataokoka.

"Papa, simama. Toka nje uwaambie tantine na majirani. Waambie ni maji ndiyo yaliharibu jicho, Naomie hana kosa. Kisha Laurette akupeleke hospitali."

Hakusimama. Alikaa pale kitandani, mikono juu ya magoti, mikono ile mikubwa iliyokatwakatwa na kamba.

"Nephtali. Ile maji nilianguka ndani yake nikiwa kijana, ikanirudisha. Nimeinywa. Nimezaa ndani ya kelele yake. Nilikulisheni ninyi wote na vitu vyenye ilinipa. Hiyo maji ioze jicho yangu? Siku nilienda kuishukuru?"

"Daktari..."

"Daktari hajui mto yangu. Nikisimama mbele ya Clothilde niseme mto imeniharibu, mimi nitakuwa nani? Na wewe utakuwa mutoto wa nani?"

"Utakuwa mtu aliyesema kweli!"

"Kweli ni kwamba mto haiwezi." Alilisema polepole, bila ukali, kama anamfundisha mtoto kufunga fundo. "Na kama si mto, basi nini inabakia?"

Baba aligeuza uso kuelekea mlangoni. Hakuwa anaona kitu, lakini alijua aliyesimama pale. Alizijua pumzi zake. Naomie alikuwa ameingia nyuma yangu bila sauti.

"Nilifikiri mutoto ananifichia siri yangu," baba akasema. "Kumbe alikuwa anaficha yake mwenyewe."

"Papa, hapana!"

"Siendi hospitali. Kwanza arudishe kitu yangu."

Naomie hakulia. Alikwenda mpaka ukutani, akaisogeza fimbo karibu na kitanda, mahali ambapo babu yake akinyoosha mkono anaifikia. Kisha akarudi akasimama pembeni yangu.

Nilimwinua, nikatoka naye kwa nyuma.

Kwenye kona alikaa René na moto yake, rafiki yangu, yule aliyeliimba shairi langu kwa sauti kuliko wote. Nilimwambia anipeleke mjini kwa Papa Harshad, haraka. Alimtazama Naomie, akatazama tangi lake la mafuta.

"Neph, mimi niko na watoto nyumbani."

"Na huyu ni nini?"

"Usinikasirikie, ndugu. Akikaa nyuma yangu, kesho nani atakaa pale?"

Akapiga teke la kuwasha moto yake, akaondoka. Baadaye akapita mzee mmoja wa toleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, na yake ina takia jekundu nyuma, mtu asiyetujua. Nikampakia Naomie pale nyuma, mimi nikakimbia kandokando nimeshika tandiko.

Tulipita kisima cha Daya. Kila siku pale hupiti bila kusikia wanawake wanagombana kwa ajili ya foleni. Siku hiyo hapakuwa na ndoo hata moja. Mkono wa bomba ulikuwa umefungwa kwa kamba, na juu ya kibao chenye majina ya wafadhili mtu alikuwa amepaka matope, kila jina kwa makini.

"Tonton," Naomie akasema.

"Mm."

"Mimi niko ndoki?"

"Hapana. Usiseme hivyo tena."

"Unajua namna gani?"

"Najua tu."

Akawaza kidogo. "Mimi mwenyewe sijui," akasema.

Nilikimbia.

Nyumba ya Papa Harshad iko nyuma ya duka lake la rangi na mabati, ndani ya lango la chuma. Duka lilikuwa limefungwa mchana kweupe. Mbele ya lango, chini, zilikuwa vesti za kijani zimetupwa moja juu ya nyingine. Vijana waliokuwa wakigawa wali Jumapili walikuwa wamezirudisha bila hata kubisha hodi.

Nikagonga. Kijidirisha cha lango kikafunguka, nikaona jicho moja la Papa Harshad na nusu ya mvi zake.

"Nephtali. Uko na nani?"

"Na mtoto."

"Ule mutoto?"

"Ndiyo, Papa. Mfiche tu mpaka dada yangu arudi. Viviane amekwenda Opala kununua mchele, simu yake haipatikani. Akirudi atamchukua ampeleke mbali."

Hakufungua.

"Nisikilize, mutoto yangu. Mimi niko hapa tangu wewe hujazaliwa. Vita ilikuja, wakabeba duka yote, hata milango. Nikarudi. Nikanunua milango. Watu wakisema Muhindi anauza bei kali, nacheka, mimi mwenyewe ningesema hivyo. Lakini hii ingine. Wakisema tunalisha watoto undoki, hii nyumba itaungua na Kokila ndani yake."

"Ni mkono wa Mama Kokila uliomfikisha hapa!"

"Unafikiri sijui? Laurette aliniambia ku simu sasa hivi. Sijamuambia mama. Itamuua. Anauliza mbona watu hawaji tena, nikamuambia ni sababu ya mvua."

Nilitazama juu. Hapakuwa na wingu hata moja.

"Papa Harshad, nilikuwa kinywa chenu. Nilisimama na ninyi mbele ya mji. Leo asubuhi niliambiwa niwauze, nikakataa. Kwa ajili hiyo hiyo huyu mtoto anatafutwa. Sikuombi kisima. Nakuomba mlango."

Jicho lile lilijaa machozi, likapotea dirishani. Nikasikia mkono wake unashika komeo.

Papo hapo, nyuma, nikasikia nyimbo.

Walikuwa wanakuja katikati ya barabara, wanawake mbele na vijana nyuma, wanaimba wimbo wa kanisa, ule wa kumshukuru Bwana kwa ushindi. Tantine Clothilde alikuwa mstari wa mbele, analia huku anaimba. Vijana wawili walikuwa na madumu. Sikuuliza ndani mna nini. Yule mzee wa toleka alitazama, akaelewa, akamshusha Naomie kwa adabu, akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Mtumishi Carlos akainua mkono. Nyimbo zikakatika.

"Mon frère, umetusumbua na jua hii," akasema. "Hatutaki fujo na wageni. Lete mutoto, turudi kusali."

"Njoo umchukue mwenyewe!"

"Mimi?" Akatabasamu. "Mimi siwezi kumugusa mutoto ya mutu kwa nguvu. Hao ndio ndugu zake." Akamnyooshea tantine kidole.

Tantine akasogea hatua. "Nephtali, nipe. Nakuomba. Eugène anateseka. Papa yako mwenyewe amesema ni yeye. Amenituma."

Watu wakanung'unika. Papa yake mwenyewe amesema.

Naomie alishika suruali yangu kwa mikono miwili. Nyuma yangu komeo la lango lilikuwa linasogea. Nawaapia, hata leo ninapoandika sijui kama mzee yule alikuwa anafungua au anakaza.

Kisha ukafunguka mlango mwingine.

Ni ule mdogo wa pembeni, wa jikoni, ambao nilikuwa nimeusahau. Akatoka Mama Kokila. Alikuwa na sari yake ya bluu ya siku za sherehe, na uso wa mtu aliyesikia nyimbo na kelele za watu nje, akafurahi kwamba hatimaye wageni wamekuja. Mkononi alishika sahani ya chuma.

"Nilimuambia Harshad," akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni, "nilimuambia, mvua ikiisha watakuja!"

Papa Harshad akapiga kelele kwa lugha yao kutoka ndani ya lango. Mama Kokila hakumsikia, au alidhani ni furaha. Alikuwa amemwona Naomie.

"Mutoto ya fimbo!" Akaja moja kwa moja, akiwapita watu wanaompisha kama moto unaowaka. "Koko yako iko namna gani? Anaona muzuri?"

Mtu mmoja alianza kusali chini chini.

Mama Kokila aliinama mbele ya mtoto. Akachukua ladu, akaivunja katikati kwa vidole vyake, mbele ya mji mzima. Makombo ya manjano yakaanguka kwenye vumbi, na vijana wa mbele wakarudi nyuma, wasije wakayakanyaga.

Nilikuwa na nafasi ya kuupiga ule mkono. Lakini nikiupiga, mimi, kinywa chao, nitakuwa nimekiri mbele ya wote kwamba kilichomo ni sumu. Nikiuacha, watamwona akila, na ushahidi wao utakuwa umekamilika. Mtumishi Carlos alilijua hilo kabla yangu. Alikuwa amenyoosha mikono yake kuwazuia vijana wasiingilie kati, na macho yake yalikuwa kwangu. Alikuwa anangoja.

Naomie alinitazama. Tangu asubuhi hakuna aliyekumbuka kumpa chakula.

Akaitazama ladu. Akafungua kinywa.